Chai Yenye Harufu ya Peremende

Na Ramazani Musafiri

Katika mji wetu wa Kindu, tangu Kasuku na Mikelenge hata ng'ambo ya mto kule Alunguli, mgeni anayetiliwa chai naye akasema kwamba hatumii sukari huonewa huruma kana kwamba amefikwa na msiba, na mwenye nyumba, kwa kuchelea kudhaniwa bahili, humsihi apokee walau kijiko kimoja. Ukarimu huo ni urithi wetu, wala siutii dosari. Bali tangu maradhi ya sukari yalipoanza kuwaandama wazee wetu, desturi hii imekuwa na taabu yake, maana mzee aliyekatazwa na tabibu hulazimika kuchagua baina ya siha yake na furaha ya aliyemkaribisha.

Nimeyafikiri hayo juma hili kwa sababu ya kopo la chai aliloniletea mpwa wangu kutoka Ulaya, chai nyeusi iliyotiwa manukato ya karameli na vanila, ambayo mfano wake sikupata kuuonja maishani. Majani yalipomiminiwa maji ya moto, nyumba nzima ilinukia peremende, hata wajukuu wakaja mbio kutazama kilichopikwa. Nikapiga funda pasipo sukari. Puani utamu ulikuwa umetimia, ilhali ulimi haukukuta ila uchungu na ukakasi wa majani ya chai kama ilivyo ada yake. Kisha, nilipokwisha kumeza, ule utamu ukarejea kwa njia ya koo ukakaa kitambo. Jambo hilo lilinistaajabisha, na kwa kweli lilinipendeza.

Sababu yake imo katika umbile letu. Ulimi hautambui ila ladha chache; mengi ya yale tunayoyaita ladha ni kazi ya pua, kwa kuwa mvuke wa kinywaji hupanda kutoka kooni hadi puani, na akili iliyozoea tangu utotoni kukuta vanila pamoja na sukari huihesabu harufu peke yake kuwa ni tamu. Tangu mwaka 1874, Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walipoiunda vanilini kutokana na utomvu wa msonobari, harufu hiyo imekuwa rahisi kupatikana hata ikaenea katika peremende za watoto.

Wako watakaosema kuwa kuitia chai manukato ni kuiharibu. Sikubaliani nao asilani. Wachina wameichanganya na maua ya yasmini kwa karne nyingi, Waingereza huitia mafuta ya bergamoti, na watu wa pwani, ambao lugha yao tuliirithi kwa misafara iliyofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, huipenda yenye iliki, mdalasini au tangawizi. Fauka ya hayo, vanila yenyewe si ngeni Afrika: ni Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, aliyeonyesha mwaka 1841 namna nyepesi ya kulichavusha ua lake kwa mkono, na ujuzi huo ndio uliouwezesha mmea wa Meksiko kuzaa katika mashamba ya mbali na kwao. Leo vanila hulimwa Ituri na Kivu ya Kaskazini, na chai hulimwa Kivu, nazo zote mbili huuzwa nchi za nje, kisha sisi hungoja kopo litoke Ulaya.

Lau mfanyabiashara mmoja wa Bukavu au Goma angeyachanganya majani hayo na vanila hiyo, akayauza katika vifuko vidogo ambavyo bei yake mwenye kibanda wa Kindu angeimudu, angewafaa wazee wengi. Mpaka hapo, tuna mchaichai nyuma ya nyumba na mdalasini sokoni. Kwangu birika la wageni sasa huchemshwa navyo, sukari ikawekwa kando katika bakuli lake, na anayeihitaji huichota mwenyewe pasipo kuulizwa neno.