Mto ni wa Umma, Leseni ni ya Nani?

Makomredi, kila tukikutana tunaongea bei ya mafuta, karo ya chuo na ajira. Sawa kabisa. Lakini leo naomba tuongee kuhusu ndoano. Ndiyo, ndoano ya samaki.

Kijana wa Othaya, Mathira, Kangema au Kirinyaga anayeshuka mtoni Jumamosi na kijiti, uzi na mnyoo, je, anavunja sheria au havunji? Mwulize yeye, hajui. Mwulize mzee wa kijiji, atakwambia "hiyo ni mali ya serikali." Uliza serikali, na jibu litategemea umebisha mlango upi. Wakati huo huo mgeni kutoka Nairobi au ng'ambo anafika na gari lake, analipa, anaonyeshwa pahali pazuri pa kuvua, anapiga picha na samaki wake na kurudi hotelini. Mto ni ule ule. Samaki ni yule yule. Tofauti ni nani alijua karatasi inapatikana wapi.

Mimi nasoma sheria, kwa hivyo mtanivumilia nikianza na Katiba. Ibara ya 62 inahesabu mito na maziwa kama ardhi ya umma, na inasema serikali ya kitaifa inashikilia mito hiyo kwa amana, kwa niaba ya watu wa Kenya. Amana, makomredi. Si mali ya waziri, si ya gavana, si ya mwenye hoteli iliyojengwa ukingoni. Mwenye shamba anaweza kukukataza kupita shambani kwake, hilo ni jambo lingine na linahitaji mazungumzo yake. Lakini maji yanayopita hapo hayajawa yake kwa sababu ameweka uzio.

Sasa, mbona mtu wa pale pale ndiye anaonekana mwizi mtoni? Ili kuelewa, lazima turudi nyuma kidogo.

Trauti si samaki wa kwetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza trauti kutoka Scotland, wakawekwa katika mto Gura kule Aberdare. Baadaye wakasambazwa katika mito mingine baridi ya milima yetu: Sagana, Thego, Ragati, Mathioya, Naro Moru. Kituo cha kutotolesha vifaranga kikajengwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Hawakuletwa kulisha mtu yeyote. Waliletwa ili walowezi wapate mchezo waliouzoea kwao, kwenye ardhi waliyoiita nyanda za Wazungu baada ya kuwaondoa wenyewe. Uvuvi wa trauti ukajengwa juu ya desturi ya muungwana wa Kiingereza: fimbo maalum, nzi bandia, klabu, leseni. Mwafrika alikuwa hapo pia, lakini kama mbeba mizigo.

Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, lakini fikra iliyoko nyuma ya leseni haikubadilika sana. Bado inamwona mvuvi wa mlimani kama mtalii. Mtu anayetaka samaki wawili wa chakula cha jioni, au kijana anayetaka kuuza watano sokoni Karatina, hana sura kwenye mfumo huo.

Kuna watakaosema, "Wewe nawe, watu wa Mlima hawali samaki." Hayo ni maneno ya zamani. Ni kweli wazee wetu wengi hawakuwa walaji wa samaki. Lakini ni serikali yenyewe iliyotufundisha kula. Mwaka 2009, katika mpango wa kuchochea uchumi, ilipanga kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneobunge, kwa maeneobunge 140. Piga hesabu: vidimbwi 28,000. Kaunti za Mlima zilipata sehemu yake. Tukafuga, tukapika, tukazoea. Vidimbwi vingi baadaye vilikauka au kugeuka nyasi, kwa sababu chakula cha samaki kilikuwa ghali na soko halikuandaliwa. Hamu ya samaki ikabaki. Huwezi kumfundisha mtu kula kisha ukashangaa akitazama mto.

Turudi kwenye milango. Chukua mto mmoja unaotoka juu Aberdare. Ukiwa ndani ya mbuga ya taifa, uko chini ya Shirika la Wanyamapori, KWS, na utalipa kiingilio cha mbuga. Ukishuka kwenye msitu, uko chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Leseni ya uvuvi nayo inaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi, namba 35 ya mwaka 2016, iliyounda Huduma ya Uvuvi, KeFS. Hata vifupisho vinachanganya: KFS ni ya miti, KeFS ni ya samaki. Ukitoka msituni ukaingia kwenye majani chai, kuna kaunti. Na maji yenyewe yana mamlaka yake ya rasilimali za maji. Mto mmoja, ofisi tano.

Katiba yenyewe imechangia mkanganyiko huu. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa ulinzi wa mazingira, na linataja uvuvi humo. Jedwali hilo hilo linaipa kaunti kilimo, na humo pia linataja uvuvi. Kwa wakili hilo ni swali tamu la mtihani. Kwa kijana wa Mathira ni hasara. Kila ofisi ina sababu ya kudai ada, na kila ofisi ina sababu ya kusema huduma si kazi yake.

Nilijaribu mwenyewe. Nilipiga simu ofisi moja ya umma nikauliza swali rahisi: mkaazi wa hapa akitaka kuvua kwa ndoano moja, anahitaji leseni gani, ni pesa ngapi, na analipia wapi? Nikaambiwa nipigie ofisi nyingine. Ile ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza. Ya tatu ikaniuliza kama mimi ni wa kampuni ya utalii. Hiyo ndiyo picha kamili: mfumo unajua kumhudumia mtalii, lakini mwananchi akiuliza, simu inazunguka.

Na kama jibu lingepatikana, bado kuna gharama. Nauli ya kwenda makao makuu ya kaunti na kurudi, siku nzima ya kibarua iliyopotea, na malipo ya mtandaoni kwa mtu ambaye simu yake ni ya vibonyezo. Leseni inaweza kuwa rahisi kwenye karatasi na ghali kwenye mfuko.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi leseni zifutwe. Mito ya mlimani ni midogo na baridi, samaki wake hawaongezeki haraka. Ukiacha kila mtu avue anavyotaka, na wengine waweke sumu au nyavu za macho madogo, ndani ya miaka michache hatutakuwa na la kubishania. Leseni nzuri ni ulinzi: inasema samaki wangapi, ukubwa gani, msimu gani, sehemu gani imefungwa ili wazaane. Mimi nataka leseni ya namna hiyo.

Lakini tuwe wakweli kuhusu nani anaumiza mito. Mito inayoshuka Mlima Kenya upande wa Laikipia, kama Naro Moru, Burguret na Nanyuki, inapungukiwa sana na maji wakati wa kiangazi, na sababu moja kubwa ni maji kuchotwa kupita kiasi huko juu, mengine bila kibali. Ewaso Ng'iro kule chini inaumia, na wafugaji wanaumia nayo. Trauti bila maji baridi yanayotiririka anakufa. Mwenye pampu kubwa anamaliza samaki kuliko vijana ishirini wenye ndoano. Lakini askari wa doria hamkamati mwenye pampu. Anamkamata anayekimbia kwa miguu.

Hapa ndipo siasa inaingia. Serikali hii iliomba kura mwaka 2022 kwa jina la hasla na uchumi wa kutoka chini kwenda juu. Je, kuna mtu wa chini zaidi ya yule aliyesimama mtoni hadi magotini? Kama hajui leseni yake ni ipi, uchumi huo haujamfikia. Na ili nisionekane napendelea, nasema hivi pia kwa kaunti zinazoongozwa na watu wa upande wetu. Gavana wetu akitoza ada isiyo na huduma, ni kosa lile lile. Hatuwezi kukemea Nairobi na kunyamaza nyumbani.

Silaha yetu ya kwanza ni Ibara ya 210. Inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kuondolewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Maana yake, askari hana mamlaka ya kubuni bei kando ya mto. "Toa kitu kidogo uende" si leseni. Ukisimamishwa, uliza kwa heshima mambo matatu: wewe ni wa ofisi gani, sheria gani nimevunja, na nikilipa nitapata risiti rasmi? Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kupelekwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama muda huo umeisha korti ikiwa imefungwa. Usikimbie, usitukane, usitoe hongo.

Silaha ya pili ni kikao cha umma. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, katika kesi ya Robert Gakuru na wenzake dhidi ya Gavana wa Kiambu, ilibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Korti ilikataa dhana kwamba kutoa tangazo mahali fulani ni sawa na kuwasikiliza watu. Kesi hiyo ilizaliwa hapa hapa kwetu, nyanda za juu. Kila mwaka kaunti huleta Mswada wa Fedha wenye jedwali refu la ada, na ada za uvuvi zikiwemo, zitakuwa zimejificha huko katikati ya kichinjio na mabango. Juni 2024 kizazi chetu kilisoma Mswada wa Fedha wa kitaifa kifungu kwa kifungu mpaka ukaondolewa, na wenzetu walilipa kwa damu. Hatuwezi kusema kusoma mswada wa kaunti ni kazi ngumu.

Tukienda huko, tusiende kulalamika tu. Mimi napendekeza ligi yetu ya vijana ibebe madai haya matano.

Moja, leseni ya mkaazi. Ndoano moja, idadi ndogo ya samaki kwa siku, bei ndogo, inunuliwe ofisi ya wadi au kwa simu ya kawaida. Mfanyabiashara awe na yake, mtalii awe na yake.

Mbili, mlango mmoja. Ofisi zote tano zikubaliane kwa maandishi nani anatoa nini, ili raia alipe mara moja.

Tatu, ramani. Kila sehemu ya kuvua itajwe: iko wazi au imefungwa, msimu wake, njia ya umma ya kufika majini. Ibandikwe kwa chifu, sokoni na shuleni, kwa Kiswahili na lugha ya mahali.

Nne, pesa zirudi mtoni. Ibara ya 69 inadai faida za maliasili zigawanywe kwa usawa. Tayari kuna vyama vya watumiaji wa maji vinavyopanda miti kingoni na kulinda chemchemi. Vipate fungu la ada hizo, na vijana waajiriwe kuwa walinzi na waongozaji wa wageni.

Tano, onyo kabla ya kifungo. Mkaazi anayekutwa na ndoano mara ya kwanza aelekezwe pa kupata leseni. Mwenye sumu na mwenye pampu haramu, hao ndio waende kortini kwanza.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kubadilisha Katiba. Yanahitaji nia, na vijana wachache wenye ukaidi wa kuhudhuria kikao cha Jumanne asubuhi wakiwa wamesoma jedwali la ada. Tawi lolote la Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Nyandarua au Laikipia lililo tayari, andikeni jina la wadi na mto wenu hapa chini. Nitawaandalia mfano wa waraka wa maoni kwa bunge la kaunti, kwa Kiswahili, wenye vifungu vyake. Mtajaza jina la mto wenyewe.