Sadaka Si Rushwa

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwaambia wanafunzi wangu, mwaka baada ya mwaka, kwamba Wabudha hulisha sanamu. Nilitamka hivyo bila haya, na wala sikuwahi kukanyaga hekalu lao. Chuo cha ualimu kilinifunza kwamba mwalimu hafundishi asilolijua, lakini hapo nilifundisha. Leo nimepita miaka sabini, na uongo ule bado nausikia ukirudiwa na watu wazima niliowafundisha mwenyewe. Ni wajibu wangu kuupinga.

Baada ya kustaafu nilikwenda Kandy, Sri Lanka, kumtembelea mwalimu wa hisabati niliyewahi kufanya naye kazi. Alinipeleka kwenye Hekalu la Jino, ambamo Wabudha huamini kwamba limehifadhiwa jino la Buddha. Nje nikanunua maua ya yungiyungi, nami nikayanusa. Mwenzangu akayaweka kando, akaninunulia mengine.

"Mwalimu," akaniambia, "harufu yake umekwisha kuichukua wewe. Utamtoleaje mwingine ulichoanza kukitumia?"

Tulivua viatu na kofia, tukaweka maua kwa mikono miwili. Nilimwuliza ameomba nini. Akasema maneno ya kutolea maua si maombi, bali ni ukumbusho: kama ua hili litakavyonyauka, ndivyo na mwili wangu utakavyokwisha. Wapo wanaoomba mtoto au kazi, kama walivyo kwetu, lakini fundisho lenyewe si hilo. Buddha hanunuliwi kwa ua.

Wapo wasemao huo ni ubadhirifu, maana maua hunyauka upesi. Afadhali fedha hizo wapewe maskini. Nawajibu kwamba kunyauka ndiko somo lenyewe. Tena watu hao hao, katika sikukuu ya Vesak, huweka vibanda barabarani na kumpa kila mpita njia chakula bure, bila kumwuliza dini yake. Watawa nao hupelekewa chakula kabla ya adhuhuri, kwa kuwa baada ya hapo kanuni yao huwakataza kula. Mtawa akipokea hasemi asante, kwani anayefaidika ni mtoaji. Je, mkosoaji wa maua amemlisha nani?

Wengine hudai kwamba adabu za hekaluni ni mapambo tu. Mwaka 2012 mahakama ya Galle iliwapa watalii watatu wa Kifaransa kifungo kilichoahirishwa, kwa kupiga picha wakibusu sanamu ya Buddha. Mimi siafiki mtu kutishiwa jela kwa utovu wa adabu. Lakini siafiki pia mgeni kufanya mzaha mahali ambapo mwenyeji huingia miguu mitupu.

Ndugu msomaji, sikuambii uache dini yako. Nakuomba tujitazame. Sisi husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kisha tunachangia harambee kwa masharti kwamba jina letu litangazwe kwenye kipaza sauti, na lisipotangazwa tunanuna. Nimeyafanya hayo mwenyewe, mbele ya wanafunzi wangu. Huko ni kulinusa ua kabla ya kulitoa, na hatuna haki ya kumcheka anayelitoa likiwa zima.