Mvinyo Ndani ya Sufuria

Umezuka mtindo katika nyumba za wasomi wetu, na hapa Katindiuka umefika, wa kumimina mvinyo katika mchuzi wa nyama. Ukiuliza, unajibiwa kwa kujiamini kwamba pombe yote huishia motoni, kinachobaki ni ladha tu. Mimi nakataa. Maneno hayo si kweli, na anayemwambia mgeni wake hivyo anamdanganya.

Wenye dai hilo hutaja sayansi nusu. Ni kweli kilevi huchemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye nyuzi 100. Lakini vikishachanganyika havitoki kimoja baada ya kingine. Hupaa pamoja, kidogo kidogo. (Wapika gongo wanalijua hili kuliko wahitimu wetu wengi.) Idara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali lake: chakula kilichochanganywa na pombe kikitokota dakika 15, asilimia 40 ya kilevi hubaki. Saa nzima, asilimia 25. Hata baada ya saa mbili na nusu, asilimia 5 bado imo. Na mama gani mwenye mkaa wa kununua atatokosa mchuzi saa mbili na nusu?

Utaniambia kiasi hicho hakimlevyi mtu. Sawa, hakimlevyi. Lakini bonde hili la Kilombero Wakristo na Waislamu tunaalikana, tunazikana na tunaoana. Mwislamu haulizi ni vijiko vingapi. Anauliza imo au haimo. Vilevile yupo yule aliyeacha pombe kwa taabu kubwa, ambaye harufu tu inamtosha kumrudisha kilabuni. Katika karamu moja nilimwona mzee wa makamo yangu akisifu mchuzi, kisha akaambiwa kwa kicheko alichokula. Aliweka tonge chini, akaondoka bila kuaga. Waliobaki wakasema ana makuu.

Bibi zetu walikuwa waungwana zaidi. Togwa likilala likachacha, hapewi mtoto wala mgeni kimya kimya, anayekaribisha husema, "Hili limeshachacha." Hakuhitaji jedwali.

Sina ugomvi na mvinyo wenyewe. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakulima wake wanastahili soko, na anayependa anywe kwenye glasi, mbele ya macho ya watu. Kwenye sufuria, kazi kubwa ya mvinyo ni uchachu wake, na uchachu tunao: ukwaju, ndimu, embe bichi. Kambale aliyekolea ukwaju, pembeni ya wali wa Ifakara, hana cha kuazima kwa Wafaransa.

Anayeng'ang'ania mvinyo wake na apike sufuria mbili, na aseme ipi ni ipi kabla watu hawajanawa mikono.