Likate Hilo Ua

BARAZANI
Na Rehema Wafula

Siku ya Wapendanao imepita, na sasa vibaraza vya Nairobi vimejaa wagonjwa. Kila Februari kuna watu wanaopiga hesabu na kuona shada la mawaridi ni hasara, heri mche mzima. Basi wanasimama kwenye kitalu kando ya barabara ya Ngong na kuchagua mwaridi ulio ndani ya kiriba cheusi, wenye maua mawili yaliyokunjuka na vitumba kibao. Jumapili unapandwa. Jumatano umeinamisha shingo kama aliyesutwa hadharani. Hapo ndipo mwenyewe anapoanza kuusaidia, na mara nyingi msaada huo ndio unaoua.

“Maji nimekupa asubuhi na jioni, samadi nimekuwekea, sasa unataka nini tena?” Huyo ni jirani yangu, akiusemesha mwaridi wake huku ameshika kiuno.

Samadi hautaki. Mche ukitolewa kiribani, hata kwa mkono mwepesi, vile vinyweleo laini vya mizizi hukatika, na hivyo ndivyo vinavyofyonza maji. Majani huko juu hayana habari. Yanaendelea kupoteza maji vilevile, tena katika jua la Februari, masika bado. Isitoshe, kitaluni mche ulikaa chini ya wavu wa kivuli, nawe umeupeleka moja kwa moja kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Ukiutilia mbolea ya dukani wakati huu, chumvi yake inazidi kuinyima mizizi maji. Samadi mbichi ndiyo mbaya zaidi, inaiunguza. Subiri majani mapya yatoke na kukomaa, ndipo uulishe.

Kuhusu maji, kidole ndicho kipimo. Kizamishe kwenye udongo karibu na shina mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia polepole asubuhi, maji yashuke hadi chini ya mizizi, si kulowesha vumbi la juu tu. Kikitoka na tope, weka ndoo chini. Mwaridi uliozama maji hunyauka sawasawa na wenye kiu, kwa sababu mizizi iliyokosa hewa huoza na haifyonzi tena. Mwenyewe akiuona umelegea anaongeza maji. Wa Kitengela na Embakasi, wenye ule udongo mweusi unaonata, wanalijua hili vizuri: shimo likijaa, maji hayana pa kwenda. Huko heri kuuinua mche na kuupanda juu ya tuta.

Tazama pia saa. Mche unaolegea saa saba mchana na kusimama tena jua likitua hauna ugonjwa. Unaoamka asubuhi ukiwa umelegea ndio wa kushughulikia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hunikatalia: chukua mkasi, ukate maua yote na vitumba vyote. Mche usio na mizizi ya kutosha hauwezi kulisha ua, na ule uliobeba ua hautaacha kulilisha mpaka uishiwe. “Lakini hilo ua ndilo nililopewa!” Litie kwenye glasi ya maji, litakaa siku kadhaa. Kwenye mashamba ya Naivasha, ambako mawaridi ni biashara ya kupeleka Uholanzi, vitumba vya kwanza vya miche michanga huondolewa kwa mkono ili mmea ujenge matawi kwanza. Hao wanauza maua, na bado wanayakata. Sisi tusiouza hata moja ndio tunaoyaonea huruma.

Kisha simika vijiti viwili upande wa magharibi, utundike gunia kuukuu, uliache wiki moja au mbili. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, lakini ziwe mbali kidogo na shina, la sivyo utakuwa umewaandalia mchwa karamu.

Wauzaji nao nina neno nao. “Mama, hii ni kumwagilia tu, haina shida,” kijana wa kitalu atakwambia, na mimi simlaumu sana. Anauza ua kwa sababu sisi tunanunua ua. Pale nyuma ya kitalu chake kuna mche mfupi, mnene wa shina, hauna ua hata moja, na hakuna anayeuuliza bei. Huo ndio wa kununua, na mwezi wa kuupanda ni Aprili, ardhi ikiwa imelowa.

Kwa uliopo sasa kibarazani, usiung'oe kwa sababu majani yamepukutika. Kwaruza shina kwa ukucha. Ukiona kijani chini ya gamba, ungali hai. Kata ncha zilizokauka na uendelee kuungoja. Ukikuta kahawia mpaka chini kabisa, ung'oe, lakini chunguza mizizi na lile shimo kabla ya kupanda mwingine. Ikiwa imeoza, ulizidisha maji. Ikiwa imetafunwa, kuna mdudu humo ndani, na mche wa pili ataula vilevile.