VYOMBO VYA MAABARA VITOKE KABATINI

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache juu ya vyombo vya kupimia sauti katika maabara yetu. Kompyuta, maikrofoni, spika na osiloskopu tunavyo, lakini hukaa kabatini chini ya kufuli. Siku ya somo mwalimu huviunga mwenyewe, nasi hutazama tu. Sababu twaijua: vyombo ni ghali, nasi bado hatujavizoea.

Lakini tutavizoeaje bila kuvishika? Maikrofoni hugeuza sauti kuwa umeme. Kompyuta huupima umeme huo mara nyingi kila sekunde na kuuandika kwa tarakimu. Santuri ya CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde. Kanuni ni kwamba vipimo vizidi mara mbili ya mitetemo ya sauti. Sauti ya mitetemo 5,000 ikipimwa mara 8,000 tu bila kuchujwa kwanza, itatokea kama ya 3,000! Aliyeunga waya mwenyewe akauona uongo huo hatausahau; aliyeunakili ubaoni ataupoteza mara baada ya mtihani.

Nashauri tugawanywe wanne wanne. Kila kikundi kivihesabu vyombo vyake kabla na baada ya kazi na kutia sahihi, na mwalimu akague nyaya kabla umeme haujawashwa. Kikiharibika kimoja, tufundishwe kukitengeneza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sisi wa Kidato cha Nne tunaondoka mwaka huu. Wadogo zetu wasiondoke kama sisi, macho yamejaa na mikono mitupu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne