Mmea Ulao Wadudu Hauna Haja ya Ugali

Ndugu mwandishi, kwa kuwa wauliza iwapo mmea ulao wadudu, uwekwao dirishani, waweza kulishwa vyakula vya shambani badala ya nzi, yafaa wasomaji wafahamu kwamba Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1875, alieleza jinsi majani ya Drosera, mmea wa namna hiyo, jamaa ya ile iotayo katika vinamasi vya Tanzania, yalivyokunja vinyweleo vyake vyenye ulimbo yalipodondoshewa maji ya njegere mbichi zilizochemshwa, ilhali wanga, sukari na mafuta ya zeituni havikuyatikisa. Kwani mmea huo hutafuta naitrojeni, na sukari hujitengenezea wenyewe kwa mwanga wa jua. Basi sisi wa Bukiriro, mahindi yachanuapo mbelewele, tuunyunyizie chavua kidogo, yenye naitrojeni hiyo. Ugali, tafadhali, tuule wenyewe, maana huozesha jani.