Saa Kongwe ya Mpiga Mbizi: Thamani Haimo Katika Jina

Tumezoea kuikadiria saa ya mkono kwa jina lililoandikwa usoni mwake. Likiwa jina kubwa, saa huhifadhiwa kwa heshima. Likiwa geni, hutupwa mtotoni mwa meza pamoja na funguo zisizo na kufuli. Saa kongwe za wapiga mbizi zinatuonesha udhaifu wa kipimo hicho.

Katika miaka ya 1960 Uswisi ilikuwa na mamia ya watengenezaji wa saa, na wengi wao hawakuunda kila kitu wenyewe. Makasha walinunua kwa Ervin Piquerez, aliyebuni kifuniko chenye springi: kadiri mpiga mbizi anavyozama, maji yenyewe hukikandamiza kifuniko na kuziba zaidi. Makasha ya nyumba hiyo yalivaliwa na saa za Jaeger-LeCoultre, yenye sifa kubwa, na pia za Enicar, ambayo wengi hawajapata kuisikia. Mwaka 1967 Doxa ilitoa Sub 300 yenye uso wa rangi ya machungwa ili isomeke majini, na pete yake ilimwonesha mpiga mbizi dakika anazoweza kukaa katika kila kina na kupanda juu salama bila kusimama njiani.

Desemba 1969 Seiko ya Japani ikatoa saa ya kwanza ya mkono ya kwazi. Katika miaka iliyofuata, wafanyakazi wa saa Uswisi walipungua kutoka karibu 90,000 hadi takriban 30,000. Majina mengi yakazimika, lakini kazi ya mikono yao ingali inatembea. Hapo ndipo ilipo haiba ya saa hizi: zilitengenezwa kuhifadhi uhai wa mtu, si kumtukuza mbele ya wenzake. Nyingi ni za chuma cha pua, hivyo mwanamume wa Kiislamu huzivaa bila shaka ya dhahabu.

Ndugu wasomaji, jambo hili linagusa nyumba zetu. Mzee anapofariki, saa yake huchukuliwa haraka na aliye karibu kwa jina la ukumbusho, kwa kuwa “haina thamani”. Saa hiyo ni tarika. Haki yake ni kukadiriwa na fundi mjuzi, kisha iingizwe katika hesabu pamoja na mali nyingine: gharama za maziko, madeni, wasia, ndipo mirathi. Warithi wote waliobaleghe wakiridhia kumwachia mmoja wao, ni wema. Asiyeulizwa amedhulumiwa, na fungu la yatima halitolewi zawadi.

Tahadhari mbili. Mipira ya kuzuia maji hukauka kwa miaka, basi msiitumbukize majini, wala msitawadhe nayo, kabla fundi hajaikagua. Pili, mng’ao wa baadhi ya saa za kabla ya miaka ya 1960 ulitokana na radiamu, yenye mionzi ya kudhuru. Msiifungue nyumbani, na watoto wasiichezee. Anayeiuza naye abainishe kasoro zake zote, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni khiyana.

Allah Mtukufu ameapa kwa wakati katika Surat al-‘Asr. Chombo kinachoupima wakati huo kisiwe sababu ya kula haki ya ndugu. Wallahu a‘lam.